Tabibu wa kutegua mitego: Mhusika anayemfaa mchezaji wa Mombasa

UKIINGIA Stormreach saa tatu usiku kwa saa za Mombasa, utadhani mji umehamwa. Stormreach ni mji wa bandari, makao ya gemu ya Dungeons & Dragons Online, ambayo wachezaji huiita DDO. Seva zake ziko Marekani, na saa tatu yetu ya usiku ni saa saba au saa nane mchana kule New York, kutegemea msimu. Wengi wa wenyeji wa gemu hiyo wako kazini na shuleni. Unaobaki nao ni Waingereza wachache waliotoka kazini, Mjerumani mmoja asiyependa maneno mengi, na wewe uliyeketi Kibokoni na feni inakupulizia mgongo.

Kikosi kamili katika DDO ni watu sita. Usiku wetu huo ukipata watatu, sema alhamdulillahi. Na shida si idadi peke yake. Kati ya hao watatu, wawili watakuwa wamebeba mapanga makubwa kuliko wao wenyewe, na wa tatu kazi yake ni kurusha moto. Nani atawaponya wakiumia? Nani atategua visu vinavyochomoka ukutani? Hapo sasa kila mtu anamwangalia mwenzake.

Makala haya yanamhusu mtu mmoja anayeweza kufanya kazi hizo mbili: tabibu anayetegua mitego. Nitakueleza namna ya kumjenga hesabu kwa hesabu, anachopoteza, na kwa nini naamini anatufaa sisi wa pwani hii kuliko anavyomfaa Mmarekani mwenye intaneti ya kasi na marafiki watano wa kucheza nao.

GEMU YENYEWE KWA UFUPI

Vijana wengi wa kisiwani wanajua gemu ya mpira pale kwenye pleystesheni ya mtaa, au gemu ya bunduki kwenye simu. DDO ni ya kompyuta. Ilitoka Februari 2006, nayo imetokana na mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, uliochapishwa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo ule wa kwanza ulikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mchawi, na Cleric, yaani mtu wa dini anayepigana na kuponya. Mwizi, ambaye kazi yake ni kufungua kufuli na kuondoa mitego, aliongezwa mwaka wa 1975 katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Greyhawk. Ndani ya DDO mwizi huyo anaitwa Rogue. Kwa hiyo tangu zamani tabibu alikuwa mtu wake, na mtegua mitego mtu wake.

Septemba 2009 DDO ilifanywa ya bure. Ukitaka kununua vitu vya ziada utalipa, lakini kuingia na kucheza hakuna anayekudai. Mwaka huohuo wa 2009 ndio nyaya za kwanza za faiba za chini ya bahari zilifika Mombasa: TEAMS iliyotoka Fujairah kule Emirati, na SEACOM. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kuwasiliana na dunia, na kucheza gemu kwenye seva ya Marekani kupitia setilaiti ni kama kupigana masumbwi kwa barua.

Uzuri wa gemu ya 2006 ni kwamba haitaki mashine ya bei ya gari. Laptopu ya mtumba iliyo katika hali nzuri inaiweza. Onyo moja tu: faili lake ni kubwa, usilipakue kwa bando ya simu.

Kila mhusika huanza katika ngazi ya kwanza na kupanda. Ngazi 20 za kwanza unaweza kuzigawa kati ya fani zisizozidi tatu. Ukipenda, zote ziwe za Cleric. Ukipenda, 18 ziwe za Cleric na 2 za Rogue. Mgawanyo huo wa 18 kwa 2 ndio tutakaoujenga hapa.

MSHIKA MBILI

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ukiwauliza wachezaji wakongwe wa DDO, wengi watakupa methali hiyo kwa lugha yao. Tabibu awe tabibu, mwizi awe mwizi, ukichanganya utakuwa nusu ya huyu na nusu ya yule. Wana hoja, kwa sababu wahusika wengi wa fani mchanganyiko hujengwa na watu wasiotaka kuacha kitu. Matokeo yake ni mtu asiyeweza lolote barabara.

Lakini hebu tuangalie kazi hizi mbili zinafanana wapi.

Katika DDO, nguvu za tiba za Cleric hazirudi zenyewe unapotembea. Una kipimo cha rangi ya buluu kwenye skrini. Kila ukiponya kinapungua, na kikiisha kimeisha mpaka ufike kwenye madhabahu ya kupumzikia. Ndani ya pango madhabahu hizo ni chache. Unaweza pia kunywa dawa za kuongeza nguvu, lakini hizo si za kuchezea.

Sasa tuseme kuna ukumbi wenye visu vinavyozunguka, na kikosi chako cha watu watatu kinapita mbio. Kila mmoja anapoteza uhai wa pointi 60. Hizo ni pointi 180 za kuponya, zote kutoka kwenye kipimo chako, na hamjaua adui hata mmoja. Mkiukuta ukumbi wa pili na wa tatu wa namna hiyo, mtafika kwa jitu la mwisho ukiwa mtupu. Jitu hilo likiwapiga, utabaki ukiwatazama wenzako wakigeuka mawe ya roho sakafuni.

Tabibu aliyetegua visu vile hakutumia nguvu za tiba hata kidogo. Sekunde chache kwenye kisanduku cha mtego zimemwokolea tiba za pambano zima. Ndiyo maana nasema huyu hajashika mbili. Kazi yake ni moja, watu wasife. Nusu ya kazi hiyo anaifanya kabla ya kisu kuchomoka, na nusu anaifanya baada ya hapo. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga na tiba ziko mkononi mwa mtu mmoja anayejua kipimo chake kimebaki na kiasi gani.

Ukitaka mfano wa nyumbani wa akiba inayokwisha ndani ya kuta, nenda Fort Jesus. Ngome ile ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya mhandisi Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kuta zake zilipangwa kwa pembe, ili anayeusogelea ukuta mmoja apigwe risasi kutoka ukuta mwingine. Ni mtego wa mawe. Waomani walipoizingira Machi 1696 hawakuingia kwa haraka. Mzingiro ulidumu hadi Desemba 1698, karibu miezi 33. Meli za msaada zilikuja kutoka Goa, lakini waliokuwa ndani, Wareno na Waswahili waliokuwa upande wao, waliuawa na maradhi zaidi kuliko silaha. Ukuta ulikuwa bado umesimama, wa kuulinda ndio walioisha.

Mapango ya DDO yanafanya vivyo hivyo. Ni nadra pigo moja kuua kikosi. Kinachowaua ni hasara ndogondogo za njiani ambazo hakuna aliyezihesabu.

HESABU YA KUMJENGA

Haya, tuingie jikoni. Mchezaji mpya hupewa pointi 28 za kugawa katika sifa sita za mhusika. Chagua binadamu. Vijana wengi hukimbilia jamii zenye masikio marefu kwa sababu zinapendeza kwenye picha, lakini binadamu hupewa pointi moja zaidi ya ujuzi kila ngazi, na utaona hivi punde kwamba pointi hiyo moja ina thamani kubwa.

Gawanya hivi. Hekima 16, kwa sababu tiba za Cleric zinategemea Hekima. Akili 14, kwa ajili ya mitego. Siha 14, uwe na uhai wa kutosha, maana tabibu akifa wote wamekufa. Haiba 12, kwa ajili ya nguvu fulani za kuponya nitakazozieleza. Nguvu za mwili 10, uweze kubeba mzigo wako. Wepesi uache 8. Hesabu yake ni 10 na 6 na 6 na 4 na 2, jumla 28. Hakuna senti iliyobaki.

Ngazi ya kwanza kabisa iwe Rogue. Hapa hakuna mjadala. Ngazi ya kwanza pointi za ujuzi huzidishwa mara nne. Rogue hupewa pointi 8 kila ngazi, ongeza 2 za Akili 14, unapata 10, mara nne ni 40. Ongeza 4 za kuwa binadamu, jumla 44. Cleric angekuwa na 2 tu mahali pa hizo 8, na angeanza na pointi 20. Anayeanza na Cleric halafu akaongeza Rogue baadaye ameanza akiwa nyuma kwa pointi 24.

Ujuzi wa lazima ni miwili. Wa kwanza ni wa kutafuta, ambao kwenye skrini umeandikwa Search, nao ndio unaofichua kisanduku cha mtego kilichofichwa ukutani. Wa pili ni wa kutegua, ulioandikwa Disable Device. Mmoja bila mwenzake haufai kitu. Usipokiona kisanduku huna cha kutegua, na ukikiona huku huwezi kukitegua umepata pambo la ukuta.

Kuanzia ngazi ya pili unapanda kama Cleric, na hapa ndipo watu wengi hukwama. Cleric akinunua ujuzi wa Rogue huuziwa bei maradufu: pointi 2 kwa kila hatua moja. Ujuzi miwili, hatua moja kila mmoja, ni pointi 4 kila ngazi. Je, unazo? Cleric hupewa 2, Akili 14 inaongeza 2, ubinadamu unaongeza 1. Jumla 5. Unalipa 4 kwa kutafuta na kutegua, na 1 inayobaki unaidondoshea Spot, ujuzi wa kuhisi kwamba kuna mtego karibu.

Angalia kinachotokea ukipunguza Akili hadi 10 ili Hekima iwe kubwa. Unabaki na pointi 3 kila ngazi, na deni lako ni 4. Ngazi za mwanzo hutaona tofauti. Ukifika ngazi ya 12, umebaki nyuma sana, na mitego ya huko haimhurumii mtu.

Kutegua kwenyewe ni dadu ya pande 20. Gemu inakurushia dadu, inajumlisha na ujuzi wako, inalinganisha na ugumu wa mtego. Tuseme ugumu ni 30 na ujuzi wako ni 20. Unahitaji 10 au zaidi kwenye dadu, yaani nafasi 11 kati ya 20. Ujuzi wako ukiwa 26, unahitaji 4 tu, nafasi 17 kati ya 20. Hatua sita zimekutoa kwenye bahati nasibu zikakuweka kwenye kazi ya kuaminika. Ukishindwa kidogo unajaribu tena, lakini ukishindwa vibaya kisanduku kinalipuka na mtego unabaki hai mpaka mwisho. Kila jaribio pia linatumia vifaa vya kutegulia, kwa hiyo nunua vya kutosha kabla ya kuingia pangoni.

Hatua nyingine utazipata kwa mavazi. Kuna miwani ya kuongeza kutafuta, glavu za kuongeza kutegua, na vitu vya kuongeza Akili. Huhitaji kuvivaa vitani. Viweke mkobani, ukifika kwenye kisanduku unavivaa, ukimaliza unarudisha mavazi yako ya utabibu. Fundi yeyote hutoa bisibisi anapofika kwenye skrubu.

Ngazi ya pili ya Rogue ichukue ngazi ya 7, ukishakuwa na ngazi tano za Cleric na tiba za daraja la tatu. Siku hiyo unapata pointi 11 za ujuzi, na kwa sababu unapanda kama Rogue, kila pointi inanunua hatua nzima. Lipia kwanza hatua moja ya kutafuta na moja ya kutegua, zilizobaki 9 zitumie kupandisha Spot iliyokuwa imezorota na kufungua kufuli.

ANACHOPOTEZA

Methali haikukosea kabisa, na anayekuuzia mhusika huyu bila kutaja hasara anakudanganya.

Hasara ya kwanza ni kuchelewa. Cleric kamili hupata tiba za daraja la tano, ikiwemo ya kufufua wafu, akifika ngazi ya 9. Wewe utazipata ngazi ya 11, kwa sababu ngazi mbili umezitumia kwa Rogue. Katika ngazi hizo mbili wenzako wakifa utabeba mawe yao ya roho mpaka kwenye madhabahu, kama mpagazi wa Marikiti.

Hasara ya pili ni taji la mwisho. Anayefika ngazi 20 za fani moja hupewa zawadi kubwa ya kumalizia. Wewe ukiwa na 18 huipati, iwe umechukua ngazi moja ya Rogue au mbili. Habari njema ni kwamba tiba za daraja la tisa, ikiwemo ile kubwa ya kuponya kikosi kizima kwa mpigo, hufunguka Cleric akiwa na ngazi 17. Hizo hukuzikosa.

Hasara ya tatu ni deraya. Cleric anaruhusiwa kuvaa deraya nzito ya chuma. Lakini ngazi ya pili ya Rogue hukupa Evasion, nguvu ya kutoumia hata kidogo ukifaulu kukwepa mlipuko, na nguvu hiyo hufa mara tu ukivaa deraya ya kati au nzito. Chagua moja. Ukichagua Evasion, kumbuka kwamba Wepesi wako ni 8 na kukwepa kunategemea Wepesi. Dawa yake ni kipaji kinachoitwa Insightful Reflexes, ambacho hufanya kukwepa kutegemee Akili badala ya Wepesi. Akili unayo tayari. Ukiona kipaji hicho ni ghali, vaa chuma, sahau Evasion, maisha yaendelee.

Huwezi pia kuwa mpiga watu. Kwa Nguvu 10 na Wepesi 8, rungu lako litawachekesha maadui. Anayetaka kuonekana kwenye orodha ya wauaji atafute mhusika mwingine.

PINGI NA KUTA ZA MJI WA KALE

Sasa nije kwenye sababu inayotuhusu sisi hasa. Pingi ni muda ambao amri yako inachukua kwenda kwenye seva na jibu kurudi. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban km 200,000 kwa sekunde. Kutoka Mombasa hadi mashariki ya Marekani ni zaidi ya km 12,000 hata kama waya ungenyooshwa kama uzi, kwenda na kurudi km 24,000. Hiyo peke yake ni milisekunde 120, na waya haukunyooka. Unazunguka Bahari ya Shamu na Ulaya, unapitia mitambo njiani. Hakuna bando wala kipanga njia cha kisasa kitakachofuta umbali huo.

Halafu kuna siku waya wenyewe unaumia. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Kenya, Tanzania na majirani ilidorora kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, mchezaji anayetegemea wepesi wa vidole anaweza kufunga laptopu aende baraza.

Huku nyumbani nako tuna yetu. Nyumba za kale za Ndia Kuu na Kibokoni zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene zinazotunza ubaridi. Zinatunza pia Wi-Fi, yaani haitoki chumba ilimo. Kama kipanga njia kiko sebuleni na wewe uko ghorofani, kuta mbili za babu zako zimeshakula nusu ya mawimbi. Vuta waya wa mtandao kutoka sebuleni, upandishe na ngazi. Ni bei ya chakula cha mchana, na utaona tofauti usiku huohuo.

Lakini hata ukifanya yote hayo, bado utacheza ukiwa nyuma kidogo ya wenzako. Mpiga upanga anaumia kwa hilo, kwa sababu adui anayemwona hapa, kwenye seva ameshasogea. Tabibu wetu je?

Kutegua mtego hakuhitaji kasi ya kidole. Unagusa kisanduku, mstari unajaa polepole, seva inarusha dadu. Dadu haijui uko Boston au Bondeni. Inachojua ni hesabu uliyoipanga tangu ngazi ya kwanza. Kisha kwa upande wa tiba, Cleric ana safu ya vipaji iitwayo Radiant Servant, na ndani yake kuna nguvu mbili za kutafuta: mlipuko wa tiba unaoponya waliokuzunguka wote kwa mara moja, na duara la tiba linaloendelea kuponya kidogokidogo kila aliye karibu nawe bila wewe kubonyeza tena. Nguvu hizo hutumia uwezo wa Cleric wa kufukuza wafu, na hapo ndipo ile Haiba 12 inapofanya kazi. Mtandao ukivuta pumzi kwa sekunde mbili, duara linaendelea kuponya. Hiyo ndiyo nguvu ya kwanza ya kuitafuta ukiwa unacheza kutoka upande huu wa dunia.

Kwa tiba za kawaida, jifunze kuponya mapema. Usingoje mwenzako afike robo ya uhai wake. Akifika nusu, bonyeza. Ukingoja, wewe utaona robo huku seva imeshaona maiti.

Hili si jambo dogo. Kuna vikosi ambavyo vikiona mchezaji anasitasita, anaruka ukutani, anachelewa kujibu, vinamtoa bila neno, hata kama anajua gemu kuliko wote. Sijawahi kusikia kikosi kinachomtoa mtu aliyeondoa mitego yote na kuwafikisha kwa jitu la mwisho wakiwa hai. Tena mitego ikiteguliwa, kikosi kizima hupata alama za ziada mwisho wa safari. Hapo pingi yako haimsumbui mtu.

ADABU ZA KIKOSI

Mhusika akishajengwa, bado kuna kuishi na watu. Wachezaji wa zamani wanaijua njia kwa moyo na wanapenda kukimbia. Wakikimbia, mtego unawakuta, na mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Kwa hiyo kabla ya kuingia pangoni, andika mapema kwamba unategua. Ukihisi mtego, andika neno moja la kuwasimamisha. Usitoe hotuba. Ukimaliza, andika tayari. Kikosi kikiona mara mbili kwamba ukisema simama kuna visu kweli, mara ya tatu kitasimama chenyewe.

Usiku usipopata watu kabisa, gemu inakuruhusu kukodi mamluki wa kompyuta kwa mkataba wa saa moja. Kodi mpiganaji, usikodi tabibu. Mamluki tabibu ana tabia ya kutembea moja kwa moja ndani ya visu huku akikuponya wewe usiyeumwa. Mwache mamluki wako mlangoni kwa amri ya kusimama, tegua, kisha mwite.

Kuhusu saa, umati mkubwa wa Marekani huingia baada ya chakula chao cha jioni. Kwetu hiyo ni kuanzia saa tisa au saa kumi za usiku, na mtu mwenye kazi au masomo asijidanganye kwamba ataweza kila siku. Mwezi wa Ramadhani ndio pekee unaotupa nafasi. Mtaa mzima uko macho hadi daku, na saa kumi za usiku, wakati mama anapasha chakula jikoni, ndipo vikosi vya watu sita vinajaa Stormreach. Ukipanga vizuri unamaliza pango moja, unakula daku, na alfajiri inakukuta kitandani au msikitini badala ya mbele ya skrini.

Miezi mingine, cheza saa tatu usiku na wale watatu. Anza na kisiwa cha Korthos, ambako wahusika wapya wengi huanzia. Njia ni fupi na kosa halina gharama kubwa. Jizoeze hapo kutembea polepole, kubonyeza Search kabla ya kila mlango, na kuangalia kipimo cha buluu kama dereva wa matatu anavyoangalia mafuta. Ukifika ngazi ya 7 na kuchukua ile Rogue ya pili, utakuwa umeshajua kama kazi hii ni yako. Si kila mtu anaipenda. Utatoka pangoni mara nyingi bila kuua yeyote, na jina lako litakuwa la mwisho kwenye orodha ya waliopiga.

Ila kesho yake, kabla hata hujachagua pango, yule Mjerumani asiyependa maneno atakuwa ameshakutumia mwaliko.